Kama inflamesheni ndo inaharibu mishipa ya retina, kwa nini mtu asimeze tu dawa ya kuituliza? (Mama ana sukari, tupo Tabora)

KijanaWaIsevya – Jumatatu, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za saa hizi, mi niko Tabora mjini hapa Isevya, naomba mnisome mpaka mwisho maana ni marefu kidogo. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, sukari aligundulika 2013, presha ikafuata baadae. Kama mwezi na nusu uliopita akaanza kulalamika kwamba akisoma msahafu baada ya alfajiri mistari ya katikati inapinda, yani herufi anaziona kama ziko ndani ya maji, tukasema labda miwani imeisha nguvu, tukampeleka akapimwa ingine ila hali ikawa ile ile. Ndo wiki iliyopita tukaenda kliniki ya macho, wakamwekea matone ya kupanua mboni, daktari akachungulia mda mrefu kweli, akatuambia mishipa midogo ya damu kwenye retina inavuja, maji yametuama pale katikati anaposomea, akasema pia "kuna inflamesheni kwenye kuta za mishipa". Akaandika rufaa ya sindano ya jicho. Watu walikua wengi nje, hatukuuliza sana.

Sasa kufika nyumbani nikamsimulia mjomba, ye ana uzoefu wa maduka ya dawa, akasema inflamesheni dawa yake inajulikana, diklofenaki, mara mbili kwa siku, moto ukizima mishipa itapona yenyewe na hela ya sindano itabaki. Mama kameza siku tano mpaka leo. Jirani nae kaleta asali ya nyuki wadogo anasema adondoshee matone mawili kila usiku, hiyo bado hatujaanza.

Ninachotaka kuelewa ni hiki, mi sio mtu wa sayansi. Hiyo inflamesheni si ndo ile ile ya kidonda, ambayo tunaambiwa ni mwili unajitibu? Sa inakuaje jichoni iwe ndo mharibifu? Na kama ni mharibifu, mjomba kakosea wapi?

---

DadaWaMacho – Jumatatu, saa 3:40 usiku

Kaka pole sana na umpe pole mama. Mi ni muuguzi, nimefanya kazi kitengo cha macho miaka kadhaa, kwaiyo naanza na la haraka afu mengine tutaongea.

Diklofenaki asimeze tena kuanzia usiku huu. Mtu mwenye sukari ya miaka zaidi ya kumi plus presha, figo zake tayari ziko kwenye kazi nzito, na hizo dawa za maumivu za kundi hilo zinabana damu inayoingia kwenye figo, zinapandisha presha, na zinaweza kumvimbisha miguu. Na presha ikipanda mishipa ya jicho ndo inavuja zaidi, yani mnatibu huku mnachochea. Kesho asubuhi mpeleke akapimwe presha na waombe wapime figo (kreatinini kwenye damu, na mkojo kuangalia protini). Asali msidondoshee, hata iwe safi namna gani. Kwanza haifiki kwenye retina, inaishia mbele ya jicho tu, afu sio dawa iliyosafishwa vijidudu, nimeshaona kioo cha jicho kimepata kidonda cheupe kwa ajili ya vitu vya kudondoshea vya nyumbani. Jirani ana nia njema, mshukuru, asali mnywee chai nyie wengine.

Haya, neno lenyewe. Kiswahili tunasema "uvimbe" na hapo ndo watu wanapotea, maana uvimbe wanafikiria tezi au kinundu. Inflamesheni ni kazi ya askari wa mwili. Kuna kitu kimeumia au kimeingia, mishipa ya eneo lile inalegea, inafungua milango, seli nyeupe zinatoka kwenye damu zinaingia kwenye nyama kusafisha. Kwenye kidonda cha mguuni unaona kimekua chekundu, cha moto, kimevimba. Ile kuvimba ni maji ya damu yametoka kupitia hiyo milango. Mguuni haina neno, nyama inavimba wiki moja inarudi.

Jichoni sasa. Retina ni kitambaa chembamba kuliko karatasi nene, kipo nyuma kabisa, na ndo kinachonasa picha. Kwa uzito wake hakuna sehemu nyingi mwilini zinazokula oksijeni kama hiyo. Kwaiyo inahitaji damu nyingi lakini haitaki maji ya damu yaimwagikie, ndo maana mishipa yake imezibwa kweli kweli, seli za ukuta wa ndani zimeshonana, afu nje yake kuna seli zinazoukumbatia mshipa zinaitwa perisaiti. Kwenye retina ziko nyingi kuliko popote mwilini, karibu kila seli ya ukuta ina perisaiti yake. Chukulia bomba la maji lenye klempu kila hatua.

Sukari ikikaa juu miaka, perisaiti ndo zinaanza kufa mapema. Klempu zimeachia, ukuta unatuna vipuli vidogo vidogo, hivyo ndo daktari anaona kama vidoti vyekundu. Hapo hapo seli za ukuta zikisumbuliwa na sukari zinatoa gundi kwenye uso wake wa ndani, gundi ya kuita askari. Seli nyeupe zinapita zinanasa. Na seli nyeupe ni kubwa na ngumu kuliko nyekundu, mshipa wenyewe mwembamba seli zinapita kwa mstari mmoja mmoja, ikinasa moja imeziba njia. Nyuma ya kizibo hakuna oksijeni. Retina ikikosa oksijeni inapiga kelele kwa kutoa kemikali inaitwa VEGF, kazi yake ni kufungua kuta na kuotesha mishipa mipya. Na VEGF nayo inaongeza gundi. Mduara umefunga hapo, unajizungusha wenyewe.

Kwa mama maji yametuama kwenye makula, ile sehemu ya katikati ya kusomea, ndo maana mistari inapinda. Maji yamekinyanyua kitambaa.

---

BintiUjiji – Jumatatu, saa 4:05 usiku

Samahani dada DadaWaMacho naingilia kidogo, mdogo wangu macho yamekua mekundu yanawasha tangu wiki iliyopita hapa Ujiji, nayo ni inflamesheni ya retina au? Nimeogopa baada ya kusoma.

---

DadaWaMacho – Jumatatu, saa 4:11 usiku

Hapana mdogo wangu, tulia. Nyekundu na kuwasha ni ya mbele, kwenye ngozi nyeupe ya jicho na kope, inaweza kua aleji au maambukizi ya kawaida, aonwe kituo cha afya ila sio hii. Na hapa niseme kwa wote maana ndo shida yenyewe: retina haina mishipa ya maumivu. Inaweza kuwaka miaka mitano na jicho likabaki jeupe zuri halijauma hata siku moja. Wengi ninaowaona wanakuja wakati giza limeshaingia, wanasema "jicho halijawahi kuniuma dada". Ndo maana mwenye sukari anatakiwa kupimwa retina kila mwaka hata kama anaona vizuri, na kwa hii sukari ya ukubwani anatakiwa apimwe siku ile ile anayogundulika, maana unakuta imekaa mwilini miaka bila yeye kujua.

Na matone ya deksa yanayouzwa maduka ya dawa msimnunulie mdogo wako bila kuandikiwa, yanaondoa wekundu haraka lakini yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho kimya kimya.

---

MzeeWaGungu – Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu wa Isevya, nimesoma usiku nikaona nikuandikie mimi niliyepita njia hiyo. Niko Kigoma, umri 66, biashara yangu ilikua dagaa pale Kibirizi, nimekaa na sukari miaka 19. Jicho la kushoto lilianza hivyo hivyo, mi nilikua nasoma namba za mizani zinapinda. Nilipuuza. Nikasema ni uzee. Baada ya miezi kama minane nikaamka asubuhi nikaona nyuzi nyeusi zinaelea kama masizi ya kuni, mchana ikawa wingu jekundu, jioni jicho la kushoto giza. Damu ilikua imemwagika ndani ya jicho.

Nikasafirishwa, treni na basi, siku mbili njiani nimefumba jicho moja. Huko wakanieleza kwamba retina ilishakosa damu mda mrefu ikaotesha mishipa mipya ya kujiokoa, lakini mishipa ile ni mibovu, kuta laini, haina zile klempu alizosema dada, na haioti kule kwenye njaa, inaota kuelekea kwenye ule ute uliojaza jicho. Ikipasuka ndo damu inamwagika. Afu makovu yake yanajivuta yanaweza kubandua retina ukutani. Nilimuuliza yule daktari swali lako hilo hilo mwanangu, nikamwambia si ni mwili wangu ulikua unajitengeneza? Akasema ndio mzee, ulikua unajitengeneza, ila ulikua unajenga mahali pasipo na kiwanja. Neno hilo sijalisahau.

Jicho la kushoto walilifanyia upasuaji wa kutoa ute na damu, nimepata mwanga wa kuona mtu na mlango, kusoma sisomi. La kulia wakaliwahi kwa leza, mikao mitatu. Leza inachoma pembeni ya retina makusudi, ili ile sehemu yenye njaa iache kudai oksijeni, na ikiacha kudai ile kemikali ya kuotesha inapungua. Nimepoteza uoni wa pembeni kidogo na gizani sitembei bila tochi, lakini la kulia nasoma mpaka leo na ndilo linalokuandikia. Ningeenda mwezi ule wa kwanza ningekua na mawili. Mpeleke mama.

---

KijanaWaIsevya – Jumanne, saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, mama nae nimemsomea kwa sauti, kanyamaza mda mrefu. Asante sana, Mungu akutunzie hilo lililobaki.

Dada diklofenaki tumeacha jana usiku. Leo tunaenda kupima figo.

Ila bado nina kitu. Mjomba kajibu, anasema "basi kama diklofenaki ni kali kwa figo tumpe aspirini, si nayo inatuliza inflamesheni". Nimjibu nini? Sitaki kumvunjia heshima, ni mkubwa kwangu na kwenye familia ndo anayesikilizwa.

---

Mwanamaabara_TB – Jumanne, saa 5:47 asubuhi

Mi ni wa maabara, sio daktari, ila hii mada ya inflamesheni ya mishipa nimeisoma sana tangu baba yangu apoteze macho kwa sukari, kwaiyo niruhusuni niandike.

Mwambie mjomba wako kwa heshima kwamba wazo lake sio la ajabu hata kidogo, madaktari wakubwa waliwaza hivyo hivyo. Miaka ya 1960 kuna madaktari waligundua kwamba wagonjwa wa sukari waliokua wanameza aspirini nyingi kwa ajili ya baridi yabisi, macho yao yalikua yameharibika kidogo kuliko ilivyotegemewa. Watu wakapata matumaini. Ikaja kupimwa kiukweli Marekani, utafiti unaitwa ETDRS, watu 3,711, nusu wakapewa aspirini miligramu 650 kila siku na nusu kidonge kisicho na kitu, majibu yakatoka 1991: aspirini haikuzuia retina kuharibika. Haikuongeza pia damu kumwagika jichoni, kwaiyo kama mtu ameandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiache kwa kuogopea macho. Lakini kama dawa ya retina, haikufanya kazi.

Afu kwenye panya ikawa tofauti, na hapa ndo panapoleta hamu. Mwaka 2004 Joussen na wenzake walichukua panya waliotengenezwa bila ile gundi ya kunasa seli nyeupe, wakawapa kisukari, wakawaacha miezi mingi. Mishipa ya retina zao ikaharibika kidogo sana ukilinganisha na panya wa kawaida wenye sukari ile ile. Yani sukari ipo, ila askari hawanasi, na uharibifu unapungua. Huo ndo ushahidi uliofanya watu waanze kusema huu ugonjwa ni wa inflamesheni pia na sio wa sukari peke yake.

Sa kwa nini kidonge kinashindwa? Mi navyoelewa kuna mambo yamebebana. Aspirini na diklofenaki zinafunga njia moja tu ya inflamesheni, ile ya prostaglandini (kemikali ya maumivu na kuvimba), wakati kwenye retina kuna njia nyingi zinaenda pamoja, kuna VEGF, kuna TNF, kuna interlukini kibao (hizi ni kemikali ambazo askari wanatumia kuitana). Ukifunga mlango mmoja watu wanapita dirishani. Afu jicho lina ukuta wake, dawa ya kumeza inafika kidogo, ili ifike ya kutosha unabidi umeze dozi ambayo tumbo na figo zitalia kwanza. Ndo maana sindano inachomwa ndani ya jicho kabisa, dozi ndogo mno inakaa pale pale.

Na la tatu ndo jibu la swali lako la kwanza, kwamba inflamesheni si inatibu? Inatibu. Hii watu wengi hawaijui. Mwaka 2020 timu ya Sapieha kule Montreal, Canada, walitoa kazi kwenye jarida la Science, walikua wanaangalia retina za panya ambazo mishipa yake imechanganyikiwa baada ya kukosa oksijeni. Wakakuta mishipa mibovu inafika hatua seli zake zinazeeka, hazifi wala hazifanyi kazi, zimekaa tu zinatoa kemikali za kuchokoza. Zile kemikali zinaita nyutrofili, hizi ni seli nyeupe za mwanzo kabisa kufika kwenye tukio. Nyutrofili zikifika zinatupa nyavu, nyavu za kweli, zimetengenezwa na DNA yake zenyewe, zinainasa ile mishipa iliyozeeka na kuiondoa. Ikishaondoka ndo mishipa mizima inapata nafasi ya kujipanga upya. Watafiti walipozuia zile nyavu, mishipa mibovu ilibaki pale pale.

Kwaiyo inflamesheni hiyo hiyo inayoziba mishipa mwanzoni ndo inayofagia mwishoni. Ukiizima yote umefukuza na mfagiaji. Mi nilipoisoma hii nilikaa kimya nikamkumbuka mzee wangu. Shida ya mtu wa sukari ni kwamba ile kazi ya kusafisha haifiki mwisho, kwa sababu kilichoumiza, sukari na presha, bado kipo kila siku, askari wameitwa 2013 mpaka leo hawajaambiwa warudi kambini.

---

MkulimaUrambo – Jumanne, saa 7:30 mchana

Nimeelewa mwanamaabara kwa lugha ya kwetu. Huku Urambo tunakausha tumbaku kwenye bani, moto ukiuzima katikati ya kukausha jani linaoza, ukiuacha uwake kupita kiasi jani linaungua na bani lenyewe linaweza kushika moto. Anayejua kazi, siku hizo halali usingizi, anakaa anapunguza kuni anaongeza. Kwaiyo kazi sio kuzima, ni kukaa na moto. Swali langu, hiyo sindano ya jicho basi inazima au inapunguza kuni?

---

DadaWaMacho – Jumanne, saa 8:55 mchana

Mkulima umeipatia kabisa, nitautumia huo mfano kliniki.

Sindano ziko za aina mbili. Ya kwanza ni zile zinazokamata VEGF peke yake. Inayotumika sana kwetu kwa sababu ya bei ni bevacizumab, wengi wanaijua kwa jina la Avastin, ilianza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana 2004, madaktari wa macho wakaona inakausha retina. Kuna na ranibizumab na aflibercept, hizo ghali zaidi. Kuna utafiti ulizilinganisha zote tatu kwa watu wenye maji kwenye makula kama mama, majibu 2015, kwa ambao uoni ulikua haujashuka sana zilienda karibu sawa, kwa walioshuka sana aflibercept ikawa mbele mwaka wa kwanza. Kwaiyo ukiwahi hata ile ya bei nafuu inakutosha, ukichelewa ndo unahitaji ya ghali. Hizo mkulima ni kupunguza kuni, zinachukua kuni moja kubwa zinaacha zingine.

Ya pili ni stiroidi, triamsinoloni au deksamethasoni inayowekwa ndani ya jicho. Hii inashusha kemikali nyingi za inflamesheni kwa pamoja, inamfaa mtu ambaye ya kwanza imegoma. Ila inaleta mtoto wa jicho mapema na inapandisha presha ya jicho, kwaiyo lazima arudi apimwe. Hiyo ni karibu na kuzima, ndo maana haianzwi nayo mara nyingi.

Kijana sikiliza hili maana ndo wengi wanakwama: sindano sio moja. Mwanzoni inakua kila mwezi, miezi kadhaa, afu inaachanishwa. Watu wanachoma moja, wanaona vizuri wiki tatu, maji yanarudi wanasema dawa feki. Sio feki, VEGF inaendelea kutengenezwa. Kaeni kikao cha familia mpange nauli na bima kwa safari nyingi sio moja, hapo ndo mjomba mwenye sauti atasaidia kweli.

Baada ya sindano jicho likiuma sana, likawa jekundu na uoni ukashuka ndani ya siku chache, usisubiri tarehe ya kurudi, siku hiyo hiyo hospitali, inaweza kua vijidudu vimeingia. Ni nadra lakini haisubiri.

---

Mwanamaabara_TB – Jumanne, saa 9:20 alasiri

Naongeza kimoja nisije nikasahau. Baada ya kutishika watu wanashusha sukari kwa pupa, wiki mbili anakula mboga tu na dawa amezidisha mwenyewe. Kwenye ule utafiti mkubwa wa DCCT, watu 1,441 wenye sukari ya utotoni, majibu 1993, waliobana sukari vizuri hatari ya retina kuharibika ilipungua kwa 76% kwa wale ambao macho yalikua mazima mwanzoni. Lakini pia ilionekana baadhi ya watu mwaka wa kwanza retina ilizorota kidogo kabla ya kuja kua nzuri zaidi ya wenzao. Kwaiyo sukari ishushwe, lazima, na insulini mtu asiikimbie, ila kwa mpango wa daktari huku macho yanaangaliwa.

Na presha kaka usiiache nyuma. Uingereza utafiti wa UKPDS, 1998, waliobanwa presha vizuri kuzorota kwa retina kulipungua kwa 34%. Presha ndo msukumo wa maji kwenye bomba ambalo klempu zimeachia. Kidonge cha presha cha bei ya kawaida kinafanya kwenye retina kazi ambayo diklofenaki ya mjomba haiwezi.

Ipo na dawa ya mafuta kwenye damu, fenofibrate, kwenye utafiti wa FIELD wa 2007 waliomeza walihitaji leza kwa uchache zaidi, na inaonekana sio kwa sababu ya mafuta tu bali inatuliza na inflamesheni. Ila figo lazima zipimwe kabla, kwaiyo hiyo ni ya kumuuliza daktari sio ya kwenda kununua.

---

KijanaWaIsevya – Jumatano, saa 2:15 usiku

Wakuu nimerudi. Jana presha ilikua 168 kwa 96, leo ilivyopimwa tena imeshuka kidogo. Figo wamesema kreatinini imepanda kiasi, mkojo una protini, wanadhani diklofenaki imechangia, atarudia kipimo baada ya wiki mbili. Wamembadilishia dawa ya presha. Miguu haijavimba.

Mjomba nilimwendea nyumbani, sikumwambia amekosea, nilimsomea maneno ya mzee wa Gungu na ya mwanamaabara kuhusu aspirini. Alivyosikia wale watu 3,711 akaniuliza "na hao wote haikuwasaidia?" nikamwambia ndio mjomba. Akakaa kimya, akaingia ndani akatoka na hela ya nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili. Akasema na ya mwezi ujao nimkumbushe.

Safari ni Jumapili, kliniki Jumatatu. Kuna kitu cha kufanya hapa katikati?

---

DadaWaMacho – Jumatano, saa 2:50 usiku

Alhamdulillah kaka, umefanya kazi ya mwanaume na mjomba wako ni mtu mzima kweli.

Chukua daftari la hesabu lile la viboksi, weka doti nyeusi katikati ya ukurasa, mama afunike jicho moja aangalie doti akiwa amevaa miwani ya kusomea, afu ageuze. Kila asubuhi. Kama mistari inapinda zaidi ya jana au kuna sehemu imefutika, andika tarehe mwende nayo. Akiona nyuzi nyeusi za ghafla, au kama pazia linashuka pembeni, msingoje Jumapili.

Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za zamani, na mtaje diklofenaki kwa daktari wa huko msifiche. Karatasi ya figo pia. Asubuhi ale na ameze dawa za sukari na presha kama kawaida, sindano ya jicho haihitaji kufunga, wengine wanakuja na njaa sukari inashuka kwenye foleni. Atawekewa tena matone ya kupanua mboni, ataona ukungu masaa kadhaa, kwaiyo asiachwe avuke barabara peke yake, na mtafutie kofia pana au kanga ya kujifunika, jua la mchana litamchoma macho.

---

MzeeWaGungu – Jumatano, saa 3:05 usiku

Na siku ya sindano mwanangu mwambie mama asiogope sindano yenyewe. Wanatia ganzi ya matone, unaambiwa angalia juu pembeni, unasikia kubonyezwa tu, imeisha. Mimi nimechomwa saba. Baada ya kuchomwa anaweza kuona viputo vyeusi vinaelea chini, ni vya hewa au dawa, siku mbili vinapotea. Nipe habari mkirudi.

---

KijanaWaIsevya – Jumatano, saa 3:11 usiku

Nitakupa mzee. Mama anakusalimia, anasema akirudishiwa kusoma ukurasa wa kwanza atakuombea wewe.